JE, TUNGALI TAIFA MOJA?



Mwaka wa jubilei ni mwaka wa kuhesabu. Mwenye shamba huhesabu miti aliyoipanda, mwalimu huhesabu wanafunzi aliowafundisha, na wazee wa kanisa huhesabu majina yaliyomo katika vitabu vya ubatizo. Sisi katika kurasa hizi twataka kuhesabu kitu kisichoandikwa katika daftari lo lote, nacho ni umoja wetu sisi Watanzania. Maana kila watu wakutanapo siku hizi, mnadani, kilabuni, na hata uwanjani mwa kanisa baada ya ibada, husikika neno hili: ya kuwa watu wa leo si wamoja kama walivyokuwa watu wa jana, ya kuwa kila mtu amegeuka kuangalia lake, na majirani wameanza kuulizana, Wewe asili yako wapi? Wazee hulisema neno hili kwa huzuni, na vijana hulisema kwa hasira.

Je, neno hili ni kweli? Hatutaki kulijibu kwa manung'uniko, kwani manung'uniko hayana mwisho. Twataka kulijibu kwa habari za mambo yaliyopita. Nasi twaanza hapa nyumbani, Kansay, kwa sababu mtu asiyejua jinsi watu wa kijiji chake walivyopata kuwa wamoja hawezi kujua jinsi taifa lipatavyo umoja, wala jinsi liupotezavyo.

NCHI YETU NA WATU WAKE

Kansay ni kata moja ya wilaya ya Karatu, nayo ni ndogo katika ramani. Walakini nchi hii iliyo kati ya Ngorongoro, ziwa Eyasi na milima ya Mbulu ina jambo ambalo ni shida kulipata mahali pengine po pote. Wataalamu wa lugha huzigawa lugha za Afrika katika jamii chache kubwa, na hapa kwetu jamii nne zimekutana. Wairaqw, ambao ndio wengi, husema lugha ya Kikushi, yenye undugu wa mbali na lugha za Ethiopia na Somalia. Wadatoga na Wamasai husema lugha za Kinailoti, na ndugu za lugha hizo wako mpaka Sudan Kusini. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wana lugha yao yenye sauti za kugonga ulimi, nayo haikuonekana bado kuwa na ndugu duniani. Na watu wa lugha za Kibantu, kama vile Wanyiramba, Wanyaturu na Waihanzu, nao wako, na lugha zao ni jamaa ya Kiswahili.

Basi kama tofauti ya lugha ingetosha kuwazuia watu wasiwe wamoja, nchi yetu ingalikuwa ya kwanza kusambaratika. Hata majina tuliyoitana yaonyesha jinsi tulivyokuwa tukitazamana. Wadatoga waliitwa Wamang'ati, na neno hilo ni la Kimasai, maana yake ni adui. Wairaqw nao waliitwa na wageni Wambulu, wala wenyewe hawakujiita hivyo. Watoto wetu huyatamka majina haya bila kujua ya kuwa yalizaliwa vitani.

MTU WA AYA

Wairaqw husimulia ya kuwa makao yao ya zamani yalikuwa Irqwar Da'aw, nchi ya vilima iliyoko Mbulu, yenye magenge marefu kandokando. Walikaa huko juu wamesongamana, kwa sababu uwandani palikuwa na hatari ya wapiganaji wa Kimasai waliotafuta ng'ombe. Wengine walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, wakazifunika kwa udongo, hata adui akipita mbali asiweze kutambua ya kuwa pana mji.

Katika lugha yao liko neno aya. Msomaji asilichanganye na aya ya Kitabu. Aya ya Kiiraqw ni nchi yenye mipaka inayojulikana, pamoja na watu wanaokaa ndani yake, na wazee wao, na maombi yao ya mvua na ya afya. Na hapa pana fundisho kubwa: mtu wa aya si lazima awe mtu wa ukoo mmoja na jirani yake. Koo za Wairaqw ni nyingi, na nyingi katika hizo husimulia waziwazi ya kuwa babu zao walitoka kwingine, hawa kwa Wadatoga, hawa kwa Wagorowa, hawa kwa Wabantu wa kusini. Hakuna aliyewaficha, wala hakuna aliyewaaibisha. Aliyejenga katika aya, akalima pamoja na wenziwe, akabeba jeneza la jirani, akasimama katika maombi ya wote, huyo alihesabiwa. Waswahili wana methali yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huisema kwa kumcheka mgeni mvivu. Lakini twaweza kuisoma kwa namna nyingine pia: ya kuwa yule aliyepewa jembe si mgeni tena.

Wazee walikuwa na sala ndefu ya maneno ya mafumbo iitwayo slufay, nayo husomwa hata leo katika mikutano na sherehe. Mmoja husema, na wote humwitikia kila akomapo. Hakuna anayeweza kuisema peke yake, maana slufay isiyoitikiwa si slufay.

Lakini tusiipambe aya kupita kiasi. Wema wake ulikoma mpakani. Na Wairaqw walipoongezeka na kuenea, malisho ya Wadatoga yalipungua, na mapori ya Wahadzabe yakageuka mashamba. Kila umoja una mlango, na swali ni moja daima: mlango huo wafunguliwa kwa nani?

Twataka kutaja hapa hadithi moja ambayo walimu wetu huulizwa mara nyingi, ile isemayo ya kuwa Wairaqw walitoka nchi ya Iraq. Hadithi hii haikutoka kwa wahenga. Ilitoka katika dhana za waandishi wageni waliovutwa na mfanano wa majina mawili, ikaingia katika vitabu, ikafundishwa, kisha ikarudi vinywani mwa watu kama kwamba ni mapokeo ya kale. Lugha ya Kiiraqw yenyewe ni shahidi mwingine, kwa kuwa lugha za Kikushi zimekuwako Afrika ya Mashariki kwa maelfu ya miaka. Twalisema hili si kwa kumwaibisha aliyeiamini, bali kwa sababu mtu anayekubali kwamba asili yake ni mbali sana, kesho aweza kuambiwa arudi huko.

JINSI KABILA LILIVYOINGIA KATIKA DAFTARI

Walipokuja Wadachi, na baada yao Waingereza walioishika nchi hii katika vita ya kwanza ya dunia, mambo mawili yalitokea, nayo yalivuta huku na huku.

La kwanza, makabila yalitiwa katika daftari. Gavana Donald Cameron, aliyetawala Tanganyika toka 1925 mpaka 1931, aliweka utawala kwa njia ya wakuu wa kienyeji, na sheria yake ilitoka mwaka 1926. Kwa utaratibu huo kila kabila lilipasa kuwa na mkuu wake, baraza lake na hazina yake. Lakini Wairaqw wa zamani hawakuwa na mfalme wala chifu mmoja juu ya wote. Walikuwa na wazee wa aya na waganga wakuu wa mvua. Basi uchifu ukajengwa juu yao kama nyumba mpya juu ya kiwanja cha zamani. Tangu hapo mtu hakuulizwa tena anakaa aya gani; aliulizwa yeye ni kabila gani na chifu wake ni nani.

La pili, amani ya barabarani iliwafungulia watu njia. Wairaqw waliokuwa wamesongamana milimani walishuka na kuenea kaskazini, mpaka nchi ya Karatu na vijiji vyake ikawa yao. Kadhalika Wazungu walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, na vibarua wakaja kutoka pande nyingi za Tanganyika. Katika kambi za mashamba, dukani, shuleni na katika nyumba za ibada, watu wasioelewana kwa lugha za mama zao walihitaji lugha moja. Ndipo Kiswahili, ambacho kwao ni pwani, kilipopata kazi milimani. Hivyo serikali ileile iliyowagawanya watu kwa daftari iliwakutanisha kwa barabara, wala haikukusudia matokeo yote mawili.

KAZI YA KUJENGA TAIFA

Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954, na Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kati ya tarehe hizo mbili lilitokea hapa kwetu jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 katika viti 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja tu ndicho kilichoikosa, nacho kilikuwa cha Mbulu, ambayo wakati ule ilikuwa pamoja na Karatu yetu. Watu wa Mbulu walimchagua Herman Elias Sarwatt, aliyesimama peke yake, wakamwacha yule aliyechaguliwa na chama.

Je, Mbulu walikuwa adui wa uhuru? La, hata kidogo. Sarwatt mwenyewe hakuwa mpinga uhuru, na watu waliompa kura waliushangilia uhuru kama wenzao wa Dar es Salaam. Walitaka tu kumchagua wenyewe mtu wa kuwasemea. Nchi haikuvunjika kwa kiti hicho kimoja. Twasema zaidi: nchi ilipata heshima, kwa kuwa wale sabini walikaa pamoja na mmoja.

Kisha ilianza kazi ya kujenga, na twapenda neno hili kazi lisomwe kwa uzito wake. Mwaka 1963 uchifu uliondolewa. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, liliundwa Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo kijana wa Kansay alilala bwenini pamoja na kijana wa Lindi na wa Bukoba. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Aliyefaulu kuingia sekondari mara nyingi alipelekwa mkoa wa mbali, na mwalimu, mganga na mkuu wa wilaya walihamishwa huku na huku, hata wengi wakaoa na kuolewa ugenini. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuwauliza wananchi kabila zao. Tangu hapo daftari la taifa halikuuliza tena swali lile la mwaka 1926.

Mambo haya hayakuota yenyewe kama majani ya mwaka. Yalipangwa, yalilipiwa, na yalichosha watu. Kwa hiyo wazee wasemapo ya kuwa zamani tulikuwa wamoja, yafaa waongeze: zamani tulikuwa tukifanya kazi ya kuwa wamoja.

WALIOLIPA GHARAMA

Lakini historia isemayo nusu ni kama mizani iliyopinda. Umoja ule uliwahi kuwaumiza baadhi ya watu, nao ni majirani zetu.

Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali iliwakusanya Wahadzabe wengi Yaeda Chini, wilaya ya Mbulu, ili wakae kijijini, walime na kusoma. Nia ilikuwa njema machoni pa walioipanga. Lakini magonjwa yaliwapata watu wasiozoea kusongamana, wengi wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Baadaye, katika miaka ya 1970, ndipo watu wa nchi nzima walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na wengi waliacha nyumba na mashamba yao kwa kulazimishwa.

Na huko Hanang, kusini ya Mbulu, Wadatoga wa kundi la Wabarbaig walipoteza malisho yao makubwa kwa mashamba ya ngano ya shirika la serikali, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada tangu mwisho wa miaka ya 1960. Watu wa kijiji cha Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu ile. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa ya kwamba walalamikaji hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Msomaji na afikiri jambo hili polepole. Watu waliochunga katika tambarare zile toka enzi za babu zao walipaswa kuleta ushahidi ya kuwa wao ni wa kwao.

VIFUNGO VILIVYOLEGEA

Sasa tuje kwa siku zetu. Mwaka 1967 Watanzania wa bara na visiwani walikuwa kama milioni 12. Hesabu ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120. Nchi haikuongezeka hata shubiri moja. Ardhi iliyokuwa ya mtu mmoja sasa yaombwa na watano. Mkulima, mfugaji na mtunza wanyama wa porini wamekutana mpakani, na kila mmoja anayo haja ya kweli. Hii ndiyo sababu kubwa ya ugomvi mwingi unaoitwa ugomvi wa makabila. Mzizi wake ni malisho na maji.

Kadhalika baadhi ya kazi zile za kukutanisha watu zimepungua. Mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yalisimamishwa mwaka 1994, na yaliporudi mwaka 2013 hayakuwachukua vijana wote. Shule za sekondari za kata, zilizoongezwa sana tangu mpango wa mwaka 2004, zimewapa elimu maelfu ya watoto ambao wasingeipata, nasi twazishukuru. Lakini mtoto huanza darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne pamoja na watoto wa majirani zake tu. Hatusemi shule hizi zifungwe. Twasema ya kuwa kifungo kimoja kimefunguliwa, na bado hatujafunga kingine mahali pake.

Tena yako mambo ya Ngorongoro, ambayo kwetu si habari za mbali. Mwaka 1959 Wamasai walipotakiwa waiache Serengeti, walipewa haki ya kukaa Ngorongoro pamoja na wanyama, na Gavana Richard Turnbull aliwaahidi ya kuwa haja za wakazi zitatangulizwa zikigongana na haja za wanyama. Kisha, mwaka 1974, waliondolewa katika kreta, na mwaka 1975 kilimo kikakatazwa katika eneo lote. Mwezi wa Juni 2022 serikali ilianza kuwahamishia wengine Msomera, wilaya ya Handeni, ikisema ya kuwa watu na mifugo wamezidi uwezo wa nchi, na ya kuwa kuhama ni kwa hiari. Wengi wa wakazi walijibu ya kuwa hiari si hiari pale ambapo huduma zimepunguzwa. Kisha mwezi wa Agosti 2024 vijiji vya tarafa ya Ngorongoro viliondolewa kwa tangazo katika orodha ya vijiji vya nchi. Maelfu ya watu walisimama barabarani kulalamika, na mwezi uleule Mahakama Kuu, Arusha, ikasimamisha amri ile.

Twajua ya kuwa wanyama wa Ngorongoro ni mali ya taifa, na ya kuwa Karatu yetu hula kwa fedha za watalii. Nasi hatutoi hukumu hapa juu ya idadi ya ng'ombe. Lakini yatupasa kuona ni neno gani lililowatoa watu wale barabarani. Ng'ombe waliwahi kupungukiwa mara nyingi, na kilimo walikatazwa zamani. Safari hii jina la kijiji lilifutwa, na pamoja nalo mahali pa kupigia kura. Mtu aweza kuvumilia umaskini akiwa amehesabiwa. Asipohesabiwa, hata utajiri humwonekana kuwa wa ugenini.

Na tuseme pia lile ambalo ni zito kulisema. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, jimbo la Karatu lilichagua mbunge wa upinzani mara tano mfululizo, toka mwaka 1995, alipochaguliwa Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA, mpaka uchaguzi wa mwaka 2015. Katika miaka hiyo yote watu wa chama hiki na wa chama kile walizikana, waliolea watoto wao, na waliimba wimbo mmoja wa taifa. Tulikuwa kama wale wa mwaka 1960. Lakini katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 chama hicho hakikuwamo katika karatasi ya kura. Siku hiyo na siku zilizofuata maandamano yalizuka Dar es Salaam, Arusha na miji mingine; watu waliuawa, mawasiliano ya intaneti yakafungwa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Idadi ya waliokufa ilibishaniwa sana, na Rais aliunda tume ya uchunguzi. Sisi tulio mbali na miji ile twajua hili moja: mama aliyempoteza mwana hana haja ya kuambiwa yeye ni wa upande gani.

JIBU LETU

Basi, je, tungali taifa moja? Jibu letu ni hili. Mapenzi ya taifa hayajafa. Yatazameni mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, ambako watu wa makabila mengi wamehamia, wakachimba mifereji na kugawana zamu za maji, na wakigombana hugombana kwa Kiswahili. Yatazameni majina ya watoto wetu shuleni, jinsi baba na mama walivyotoka pande mbili za nchi. Mtu wa kawaida hajamchoka mwenziwe.

Kinachopungua ni kazi ya kuhesabiana. Tumeuchukua umoja kuwa urithi, kama shamba aliloacha baba, tukasahau ya kuwa shamba lisilolimwa hurudi kuwa pori. Na kila mara umoja ulipoumia katika habari hizi tulizozieleza, haukuumizwa na tofauti za watu. Uliumia pale ambapo watu fulani waliamuliwa bila kuulizwa: Wahadzabe mwaka 1964, Wabarbaig katika mashamba ya ngano, Wamasai wa Ngorongoro, na wale ambao kura yao haikupata pa kuangukia. Na kila mara ulipopona, ulipona kwa sababu mtu alirudishwa katika hesabu.

Uko mfano wa karibu wa kuponya. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walipewa hati za kimila za kumiliki kwa pamoja nchi yao, kama hekta 20,000. Hawakuambiwa wawe wakulima kwanza, wala hawakutakiwa waache uwindaji na asali ili wapate kuwa Watanzania. Watu wale, ambao hawazidi sana elfu moja, waliandikwa katika daftari la nchi kama walivyo. Tazameni basi: daftari laweza kugawanya, na daftari laweza kuunganisha, kwa kadiri ya moyo wa mwenye kuandika.

WAJIBU WETU

Ninyi walimu, mnayo madaraka makubwa kuliko mjuavyo. Wafundisheni watoto habari za majirani zao kwa majina ambayo majirani wenyewe hujiita. Mtoto wa Kiiraqw ajue kusalimu kwa Kidatoga, na mtoto wa Kidatoga ajue maana ya aya. Msimwache mwanafunzi amcheke Mhadzabe kwa sababu ya lugha yake, kwani lugha hiyo ni kongwe katika nchi hii. Fundisheni habari za mwaka 1960, ili vijana wajue ya kuwa mtu aweza kukataa chaguo la wengi na bado akawa mwananchi kamili. Na pale shule ya kata inapowafunga watoto mahali pamoja, tafuteni njia ya kuwakutanisha na shule ya Ngorongoro au ya Mang'ola, kwa michezo, kwa nyimbo, au kwa barua tu.

Nanyi watu wa mitaa na vigango, angalieni mikutano yenu. Je, ni nani asiyeitwa? Mjane aliyehamia mwaka jana, kibarua wa shamba la vitunguu, mchungaji wa Kidatoga apitaye na mifugo wakati wa kiangazi, kijana wa chama kisichopendwa na wengi: je, wana kiti barazani, au wana kusimama mlangoni tu? Pakitokea ugomvi wa mpaka au wa maji, wazee wa pande zote na wakae chini kabla ya vijana kushika fimbo. Ikiwa serikali yaja na mpango wa ardhi, someni, ulizeni, hudhurieni, andikeni majina yenu. Anayekaa nyumbani siku ya mkutano amejifuta mwenyewe kabla hajafutwa na mtu.

Nao wenye mamlaka, ikiwa kitabu hiki kidogo kitawafikia, twawaomba kwa heshima neno moja. Wasituhimize kupenda umoja, maana twaupenda. Watuulize kwanza, kisha watuhesabu, nasi tutabeba mzigo pamoja nao, hata ukiwa mzito.

Slufay ya wazee haina nguvu pasipo sauti ya wengi wanaoitikia. Taifa nalo ni vivyo hivyo: mmoja husema, na wote wana haki ya kuitikia, na asiyeitikia huulizwa ana neno gani moyoni. Tukifanya hivyo hapa Kansay, katika kata moja iliyo ndogo kwenye ramani, watakaosherehekea jubilei ijayo hawatakuwa na haja ya kuuliza swali tuliloliuliza sisi.